Kadi ya Njano ya Mama Mkwe

"Filimbi weka mezani," alisema Mkuu wa kituo. "Na hizo kadi pia."

Refa akaivua kamba shingoni. Filimbi yenyewe ya chuma, imebabuka rangi mdomoni, alikuwa nayo tangu mechi yake ya kwanza, enzi hizo watazamaji wakimwona mwanamke anaingia uwanjani wanamuuliza kama amekuja kuuza maji. Akaiweka mezani. Kadi mbili, ya njano na nyekundu, akazitoa mfukoni na kuziweka juu yake. Mkuu akafungua mtoto wa meza, akavisukumia vyote ndani, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akautia mfukoni, utadhani kamnyang'anya jambazi bunduki. Viti vya wageni vilikuwa viwili, vyote vitupu. Hakumwambia akae.

"Kesho saa nne Mkaguzi anaingia darasani kwako," alisema. "Leo Nesi kamfunga mwanafunzi bandeji kichwa kizima, eti wanajifunza kuulizana panapouma. Mnadi naye kanadi kiti kibovu, darasa zima linapandishiana bei kwa Kiingereza, makelele nusu yang'oe dari! Na Mkaguzi hakucheka hata kidogo. Anaandika tu, kurasa na kurasa. Kituo hiki nimekijenga miaka tisa, mama. Hakitafungwa kwa vichekesho vyenu."

"Lakini Mkuu, darasa langu limezoea..."

"Litazoea jingine. Ubao, chaki, daftari. Ukurasa wa thelathini na moja, mtu anakwenda posta kutuma kifurushi. Wewe unaeleza, wao wanaandika. Ukipita, unapata ajira ya kudumu. Usipopita, majaribio yako yanaisha Ijumaa na sina la kukusaidia. Tumeelewana, kocha?"

"Refa," alisema.

"Nini?"

"Sikuwa kocha. Nilikuwa refa."

"Yote jasho," alijibu Mkuu, akavuta faili jingine mbele yake.

Kituo kile kilifundisha Kiingereza kwa watu wazima, na walimu wake watatu wa majaribio hakuna hata mmoja aliyeanzia ualimu. Nesi alikuwa amefanya kazi wodini miaka thelathini na madaktari wa kigeni. Mnadi alikuwa akinadi samani kuukuu mpaka sauti ikamkauka. Refa, ambaye hata jina lake la kuzaliwa kituoni hawakulijua sawasawa, Kiingereza chake alikitoa kwenye kitabu cha sheria za mpira, na kwenye mechi alizochezesha ugenini kabla goti halijamsaliti. Kukaa ugenini na wachezaji ishirini na wawili wanaokubishia kwa lugha yao ni shule, tena shule isiyo na likizo.

Huko uwanjani aligundua jambo moja ambalo wenye shahada zao hawakuwa nalo: hakuna bubu mbele ya refa. Mchezaji asiyejua hata kuomba maji kwa lugha ya watu, mnyime penalti uone! Maneno yatamtoka ambayo mwenyewe hajui aliyaokota wapi. Mtu akionewa hakosi la kusema. Basi darasani aliwagawa wanafunzi timu mbili, akatengeneza mpira wa soksi, mwenye mpira anazungumza kisha anamrushia mwenzake swali. Yeye anachezesha. Na anachezesha vibaya, makusudi! Anawapa bao wasiostahili, anamtoa nje asiye na kosa, na malalamiko yanasikilizwa kwa Kiingereza tu. Ungemwona kinyozi anavyotetea bao lake kwa lugha ambayo mwezi mmoja nyuma aliijua salamu peke yake, ungelia kwa raha.

Sheria kuu ilikuwa moja. Kadi ya njano ilikaa mezani kwa ajili ya mwalimu. Akizungumza zaidi ya dakika mbili mfululizo, mwanafunzi yeyote anaruhusiwa kuichukua, lakini lazima asimame na kulitaja kosa kwa Kiingereza, kwa sauti. "Mpira ni wa wachezaji," aliwaambia. "Refa akionekana sana, mechi imeharibika."

Sasa kadi ilikuwa imefungiwa mezani kwa Mkuu.

*

Nyumbani alimkuta mumewe amekaa kwenye kigoda mlangoni na mkoba wake wa vifaa miguuni. Watu walimwita Fundi Baridi, kwa kazi yake ya majokofu. Kibanda chake kilikuwa kimepitiwa na barabara mpya, na tangu hapo alikuwa akizunguka na mkoba nyumba kwa nyumba, siku nyingine anatengeneza, siku nyingine anarudi na miguu yenye vumbi tu. Kodi ya nyumba, ada ya binti, dawa za presha za mama yake, vyote vilikuwa vimeegemea mshahara wa majaribio wa mkewe. Alikuwa mwanamume mcheshi, lakini siku hizi alichelewa kidogo kucheka.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Kesho saa nne. Bila filimbi."

"Bila filimbi?" Fundi Baridi akasimama. "Sasa si sawa na kuniambia mimi nitengeneze jokofu bila kulifungua?"

"Ndiyo hivyo. Niende posta nikatume kifurushi."

"Kifurushi cha nani?"

"Ukurasa wa thelathini na moja, baba. Hebu nipishe, nina kazi."

Akabandika karatasi ukutani ziwe ubao, akaanza kufanya mazoezi pale pale sebuleni. Mumewe na binti yao wa miaka kumi na miwili wakawa wanafunzi. Alieleza stempu ni nini. Alieleza foleni. Alieleza karani anauliza hivi na mteja anajibu hivi. Alieleza dakika tano, akaeleza kumi. Fundi Baridi akapiga mwayo mpaka taya likalia.

"Mama," alisema binti, "hii ndiyo ile ya Kiingereza au ni ya kulalia?"

"Nyamaza uandike!"

Kwenye kiti cha pembeni, karibu na cherehani yake, mama mkwe alikuwa akisikiliza. Alikuwa fundi nguo mstaafu, mwanamke mfupi wa mkono mwepesi na ulimi mzito. Alimtazama mkaza mwana wake juu ya miwani, akatazama saa ya ukutani, akamtazama tena.

Hapa lazima isemwe siri ya nyumba ile. Mama mkwe naye alikuwa mwanafunzi katika darasa la Refa. Mwanawe mwingine aliishi ng'ambo, ameoa huko, ana mtoto wa miaka mitano, na kila Jumapili mtoto huyo huwekwa kwenye simu aongee na bibi yake. Anaongea Kiingereza tupu, tena kwa kasi ya maji ya bomba. Bibi anabaki kusema "ee, ee" na kuchekacheka, mpaka Jumapili moja akamsikia mtoto anamuuliza baba yake jambo, na baba akacheka kwa aibu. Bibi aling'ang'ania aambiwe. Mtoto alikuwa ameuliza kama bibi anaumwa.

Kesho yake alikwenda kituoni mwenyewe, akalipa kwa akiba yake ya kushona. Alimpa mkaza mwana wake sharti moja tu. "Pale mimi si mama yako. Ukiniita Mama mbele ya watu, nahama." Tangu hapo alikaa safu ya nyuma, miezi mitatu, hajafungua kinywa. Mpira wa soksi ukimfikia alimpa jirani yake. Refa hakumlazimisha hata siku moja. Mficha uchi hazai, ni kweli, lakini utamwambiaje mama mkwe maneno kama hayo?

Refa alipomaliza mazoezi, sauti imekwaruza, alivaa koti aliloazimwa na mke wa Mnadi ili waone.

"Linakubana mabega," alisema mama mkwe. Ndilo neno lake la kwanza jioni ile. "Lete."

Cherehani ikaanza kuunguruma. Binti akaenda kukaa karibu na bibi yake, na wakawa wananong'ona wakinyamaza kila mtu akipita. Refa alidhani wanamsengenya, na kusema kweli iliuma kidogo. Koti lilikuwa limeisha kabla ya chakula cha jioni, lakini cherehani iliendelea kunguruma kidogo tena, mshono mfupi mfupi, kisha ikanyamaza.

*

Saa nne kasoro dakika tano, darasa lilikuwa limejaa. Dereva wa teksi alikuwa amechomekea shati. Kinyozi alikuwa amejinyoa mpaka anang'aa. Muuza viatu alikuja na daftari jipya kabisa. Walikuwa wamepania! Walitazama shingoni kwa mwalimu, hawakuona filimbi. Wakatazama mezani, hawakuona kadi wala mpira wa soksi. Wakatazamana.

Mkaguzi aliingia na Mkuu. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani inaning'inia kwa mnyororo, asiye na haraka ya kutabasamu. Akakaa kwenye kona na kufungua daftari. Mkuu akakaa karibu naye, jasho limeshamtoka.

Refa akageukia ubao na kuandika: Posta.

Basi akaanza. Alieleza stempu. Alieleza foleni. Koti lilikuwa limemkaa vizuri, mabega yako huru, lakini maneno yalimtoka makavu, na kila alipouliza swali darasa lilimtazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Kinyozi alianza kuinua mkono, akakumbuka hakuna timu, akaushusha. Dereva wa teksi alinakili ubao mzima, hata alama ya chaki iliyoponyoka. Dakika sita. Refa alisikia sauti yake mwenyewe ikizunguka chumbani peke yake. Alijua. Mtu aliyechezesha mechi mia mbili huijua mechi iliyokufa. Akamwona Mkaguzi anafunga kalamu yake na kuiweka juu ya daftari. Heri angekuwa anaandika! Refa akawaza kodi, akawaza ada, akawaza kigoda cha mumewe pale mlangoni. Kwa woga akazidi kuongea. Dakika nane. Tisa.

Kule nyuma kiti kikakwaruza sakafu.

Mama mkwe alikuwa amesimama. Akatia mkono kwenye mkoba wake, akatoa kitu cha njano, akakiinua juu kwa mkono ulionyooka. Ilikuwa kadi ya kitambaa, imetiwa kitambaa kigumu ndani ikakaza, imepigwa pindo pande zote nne kwa uzi wa njano, mshono mmoja haujapinda. Kadi haikushuka.

"Mwalimu," alisema kwa Kiingereza, na darasa zima likageuka, kwa maana wengi walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake. "Wewe unaongea sana. Sisi tupe mpira."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema waliotangulia. Chaki ilimponyoka Refa mkononi. Naye, badala ya kukumbuka alipo, badala ya kukumbuka sharti la miezi mitatu, akapiga kelele ya furaha:

"Mama!"

"Mama?" Mkuu akaruka kitini. "Mama nani?"

Refa akajiziba mdomo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. "Mama mkwe wangu," alisema.

Darasa likanguruma. "Mama mkwe!" alisema kinyozi. "Miezi yote hii nimekaa naye dawati moja nikimsimulia matatizo yangu na mama mkwe wangu!"

Mkaguzi hakucheka. Akavaa miwani yake. "Nimeelewa," alisema kwa Kiingereza cha taratibu. "Mwalimu ameleta mtu wa nyumbani kwake, akamfundisha sentensi moja, akampa na kadi, ili aliamshe darasa mbele yangu. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini hili la leo ni jipya. Bibi, kaa chini. Somo limekwisha."

Hapo ndipo Mkaguzi alipokosea. Alikuwa ametoa uamuzi mbaya mbele ya watu waliofundishwa miezi mitatu namna ya kuukataa uamuzi mbaya.

Mama mkwe hakukaa. Ile sentensi ya kwanza alikuwa ameikariri na mjukuu wake jioni nzima, na ilikuwa imeisha. Hakuwa na nyingine mfukoni. Alifungua mdomo hata hajui kitatoka nini.

"Hapana!" alisema, kwa Kiingereza. "Si kweli! Si haki! Mimi nalipa. Pesa yangu! Miezi mitatu mimi kaa nyuma. Mimi ogopa. Kila siku mimi ogopa! Huyu haniambii, 'Simama!' Nyumbani hacheki mimi. Hanitumi! Huyu? Anitume mimi?" Akajigonga kifua. "Hata chumvi hanitumi dukani! Leo yeye fundisha vibaya. Vibaya sana! Siku zote vizuri, leo vibaya. Kwa hiyo mimi kadi. Mkaza mwana, kadi. Mtoto wangu, kadi. Wewe pia," akaielekeza kadi kwenye kona ile, "wewe hujui, wewe unasema. Kadi!"

Kilikuwa Kiingereza kilichojikwaa hapa na kuchechemea pale, lakini kilikuwa kinakwenda, na hakuna aliyekuwa anakishika mkono. Mwenyewe alipokisikia kimetoka chote, macho yakamtoka, akakaa chini ghafla kama aliyesukumwa.

Darasa likalipuka. Dereva wa teksi alikuwa amesimama, anadai kwa Kiingereza kwamba yeye ni shahidi, kadi ni sheria namba moja, iko tangu siku ya kwanza, na huyu mama hajaongea hata mara moja, waulizwe wote! Muuza viatu anasema filimbi iko wapi, nani kachukua filimbi? Kinyozi amepanda juu ya kiti anaomba uamuzi urudiwe. Mkuu alikuwa anapunga mikono, "Jamani, jamani, tulieni," na hakuna aliyemjali, kwa kuwa alikuwa anasema Kiswahili na malalamiko hapa ni kwa Kiingereza tu.

Refa akauona mchezo unakwenda wenyewe. Goti halikumuuma. Akavua koti la watu, akalitupia kitini, akafuta Posta kwa kiganja, akatia vidole viwili kinywani na kupiga mluzi uliowanyamazisha mpaka waliokuwa wanapita njiani.

"Timu mbili!" alisema. "Hawa ni makarani, hawa ni wateja. Kifurushi kimepotea posta. Kosa ni la wateja, mimi nimeshaamua."

"La wateja? Kwa nini?" alipiga kelele dereva wa teksi, na mechi ikaanza.

Mkuu aliinama kwa Mkaguzi. "Mheshimiwa, naomba radhi sana, kikulacho ki nguoni mwako, mimi nilimkataza mambo haya..."

"Shii," alisema Mkaguzi. Alikuwa ameshafungua kalamu.

*

Wanafunzi walipotoka, bado wanabishana kwa Kiingereza mpaka nje ya geti, wakabaki watu watatu darasani na mmoja wa nne kule nyuma, ambaye alijifanya anatafuta miwani ilhali ameivaa.

"Dakika tisa za kwanza," Mkaguzi alimwambia Refa, "ni somo baya kuliko yote niliyoyaona wiki hii. Tena baya kwa mbali. Dakika thelathini zilizofuata, watu ishirini na wawili wamesema wote. Nimewahesabu. Huwa sipati hivyo. Sasa niambie, nani alikuagiza ufundishe zile tisa?"

Mkuu alitazama viatu vyake. Ufunguo wa meza ulikuwa unamchoma mfukoni. Refa alimtazama, na alikumbuka viti viwili vitupu vya jana. Ingekuwa rahisi kiasi gani! Lakini refa aliyekosea hamsingizii mshika kibendera.

"Uamuzi ulikuwa wangu," alisema. "Niliogopa."

Mkaguzi, mwanamke ambaye si mtoto wa jana, aliwatazama wote wawili kwa zamu. "Jana niliandika kurasa kumi na mbili za Nesi na tisa za Mnadi," alisema. "Sikucheka kwa sababu huwezi kucheka na kuandika kwa wakati mmoja. Wote wawili nimewapitisha. Wewe nina tatizo nawe. Huna cheti."

"Sina."

"Naweza kuandika mkataba wa mwaka mmoja, mshahara kamili. Ndani ya mwaka huo usome ualimu masomo ya jioni na ufanye mtihani. Ukifeli, hata mimi sitakuokoa. Ukifaulu, ajira ni ya kudumu. Unakubali au unabisha?"

"Nakubali! Nakubali kabisa!" Refa alitaka kumkumbatia, akajizuia, akaishia kumshika mkono kwa mikono yote miwili na kuutikisa kupita kiasi.

Mkaguzi alikusanya vitu vyake, kisha akatembea mpaka safu ya nyuma. "Bibi," alisema, sasa kwa Kiswahili, "nilikukosea. Niwie radhi."

Mama mkwe alijifuta jasho na upande wa khanga. "Usijali, mwanangu," alijibu. "Kukosea ni kwa binadamu. Ila kadi ni kadi, siifuti."

Ndipo Mkaguzi alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie kituoni pale, kicheko kikubwa kisicholingana na mwili wake. Mkuu naye akacheka kwa kuchelewa. Halafu akatoka haraka, na aliporudi alikuwa na filimbi na kadi mkononi. Aliviweka mezani mbele ya Refa, akavuta kiti na kumsogezea.

"Kaa, mwalimu," alisema. "Kaa kwanza."

*

Fundi Baridi alipoambiwa habari alimbeba mkewe pale mlangoni, goti na yote, mpaka majirani wakachungulia. "Mwaka mmoja!" alipiga kelele. "Mke wangu mwaka mzima! Mimi mwenyewe jokofu huwa naliwekea dhamana ya miezi mitatu tu!" Alicheka bila kuchelewa. Binti alidai sehemu yake ya sifa, kwa kuwa yeye ndiye aliyemkaririsha bibi, na akapewa.

Mama mkwe na mkaza mwana hawakusemezana juu ya jambo lile siku ile wala ya pili yake. Kulikuwa na kitu cha kusema na kila mmoja alikuwa anakizungukazunguka. Jumamosi, wakimenya viazi, Refa akashindwa kuvumilia.

"Mama, ungenionya nyumbani tu."

"Nyumbani ningekuwa mama mkwe," alijibu mama, haachi kumenya. "Mama mkwe akikukosoa unasikia ukorofi. Nikasema ngoja nimwambie kama mwanafunzi, atasikia." Akatupa ganda. "Na ulikuwa umeniacha miezi mitatu nikae kimya, hukunisukuma. Nilijua. Nilikuwa nakuona."

Refa alimenya kiazi kimoja mpaka kikawa kidogo kama yai.

Jumapili simu ikaita. Walikaa wote sebuleni, simu imewekwa sauti ya juu mezani karibu na cherehani. Sauti ya mtoto ikatoka, ile ile ya maji ya bomba, anasimulia Kiingereza chake: mbwa wa jirani, jino linalotikisika, rafiki yake aliyeanguka, baiskeli, mbwa tena. Mama mkwe alikuwa ameketi wima, mikono magotini. Alitazama saa ya ukutani. Dakika moja. Dakika mbili. Akavuta pumzi.

"Mjukuu wangu," alisema kwa Kiingereza, "wewe unaongea sana. Mimi nipe mpira."

Kule ng'ambo bomba likafungwa. Fundi Baridi akadhani simu imekatika. Kisha sauti ndogo ikauliza, "Bibi? Umepona?"

"Nimepona," alisema bibi.

"Haya, Bibi," alisema mtoto. "Mpira wako."

Mama mkwe alifungua mdomo. Mambo yalikuwa mengi, miaka mitano yote, na hakujua aanze na lipi. Akageuka kumtazama mwalimu wake amsaidie neno la kwanza. Refa alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtiririka waziwazi na hayafuti. Hakumpa neno. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama alivyofanya uwanjani kila alipoona mchezaji anayumba lakini bado ana mpira: mchezo uendelee.

"Mimi," alianza bibi, "nilikuwa nashona nguo..."